Kitenzi cha Kumpima Shemeji

Tangu nirudi, pale ofisi ya walimu maswali hayaishi. Mmoja anauliza kama kweli nilikamatwa Uganda, mwingine eti kasikia nimeolewa huko. Nimechoka kusimulia vipandevipande kati ya kipindi na kipindi huku chai yangu ikipoa. Basi naandika yote mara moja. Someni, na mkimaliza mniache nisahihishe madaftari yangu.

Nakuru hadi Malaba

Wengi wenu mnamjua mdogo wangu Mghoi, yule ninayekaa naye, anayeshona sare za shule. Yeye ndiye aliyekuwa anaposwa. Mwanamume mwenyewe ni Mganda, Agustino Mugide, kwao Mbale, kazi yake Jinja, na walikutana kwenye harusi ya rafiki Eldoret. Kwa maneno yake mwenyewe alisomea upadre Roma, akaacha kabla ya kupewa daraja, na sasa anawafasiria watalii wanaokuja Jinja kuuona mto Naili. Kiitaliano anajua, Kifaransa anajua, Kihispania na Kireno pia. Jioni akimpigia Mghoi simu anamwaga Kiitaliano mpaka mtoto wa watu analegea na kuunguza kola kwa pasi.

Mimi sikumpenda. Siku moja nilipewa simu nimsalimie, nikamwamkua kwa Kifaransa ninachofundisha, laini ikakatika. Mtandao, alisema baadaye. Mtandao gani huo unaokata Kifaransa na kuacha Kiitaliano kipite? Tangu siku hiyo roho yangu haikutulia.

Sasa, katika ukoo wetu huko Taita, posa haipokelewi mpaka mtu mmoja wa upande wa mke aende kimyakimya kwa upande wa mume akaulize majirani. Je, analewa? Anapiga? Ana mke mwingine? Anayetumwa hajitambulishi, kwa sababu akijitambulisha atasikia sifa tupu. Baba yetu hayupo, kwa hiyo mwenye kauli ni Mjomba Mwadime, na Mjomba alinipigia simu akaniambia, "Wakesho, nenda wewe. Hao Wazungu wake wewe ndiye unayewajua. Mtu akidanganya kuhusu Roma, atadanganya kuhusu kila kitu." Mghoi nilimwambia nakwenda semina ya walimu Kampala. Alinifungashia mayai ya kuchemsha, maskini, na kuniombea njia njema.

Ndani ya basi nilikuwa natayarisha mtego. Nilitaka kitenzi kimoja tu, kitakachomvua nguo mwongo. Nikachagua cha kuamini. Kwa Kilatini ni *credere*, na kila aliyewahi kukaa kanisani anajua *credo*, nasadiki. Mwitaliano naye anasema *credo* vilevile, kwa hiyo hapo hata mlinzi wa parokia angepita. Lakini ukivuka kwenda lugha nyingine, neno linaanza kulika. Mfaransa anasema *je crois*, ile d ya Kilatini ishapotea kabisa. Mhispania anasema *creo*, Mreno *creio*. Mromania, aliye mbali na ndugu zake wote, ndiye kaishika d kama Mwitaliano: *cred*. Na ukiingia wakati uliopita ndipo mambo yanapochacha, Mfaransa anabaki na *cru* tu, Mwitaliano na *creduto*. Aliyeokota maneno mawili matatu ya kuwapendezea watalii hawezi kuvuka hapo. Niliyarudia njia nzima, midomo ikinichezacheza, mpaka mama mmoja mfanyabiashara wa Bungoma aliyekaa pembeni yangu akaniinamia.

"Dada, unasali?"

"Nasema naamini tu, mama."

"Amina," akasema, akanigawia muhogo wa kuchoma.

Malaba tulikaa sana. Foleni ya malori ilikuwa imelala barabarani mpaka hujui mwanzo wake, madereva wamelala chini ya trela wakipikiwa ugali hapohapo. Nilikula mayai ya Mghoi na nikaona vibaya kidogo. Kidogo tu.

Wanyange

Jinja nilifikia gesti moja karibu na soko, safi, ila mhudumu aliniangalia sana nilipomwomba sabuni kwa Kiswahili. Aliniita afande. Nikacheka, nikidhani ni adabu ya huko.

Asubuhi nikachukua boda mpaka Wanyange, kando ya ziwa, ambako Mugide alimwambia Mghoi amepanga nyumba. Nilikuwa nimepanga kujifanya natafuta chumba, ila nilipofika hamu ilinizidi. Akina mama walikuwa wakianika mukene, dagaa wa huko, juu ya nyavu, wanazungumza na kucheka kwa sauti. Nikawasogelea na Kiswahili changu chote kilichopigwa pasi: "Hamjambo kina mama. Samahani, namtafuta bwana mmoja aitwaye Agustino Mugide. Mnamfahamu? Anakaa wapi hasa, na ni mtu wa tabia gani?"

Kimya. Nyote mnajua kimya cha darasa pale mwalimu mkuu anapotokea mlangoni? Ndicho hicho. Mmoja akaanza kugeuza dagaa ambao keshawageuza. Mwingine akamwita mtoto wake ndani na kufunga mlango.

Hatimaye mwenye nyumba, mama mnene mwenye gomesi ya kijani, lile gauni refu la wanawake wa huko, Mama Babirye, akatoka kunikabili. "Hapa hakuna mutu ya jina iyo, afande."

"Mimi si afande, mama. Natafuta tu..."

"Sisi hapana jua. Sisi watu ya samaki."

Na nyuma yake, kwenye kamba ya nguo, kulikuwa na fulana imeandikwa kwa Kiitaliano! Nikaiona kwa macho yangu haya. Basi nikajua: huyu mwanamume kawapanga majirani zake. Anajua siku moja atafuatwa, kawaambia waseme hawamjui. Jamani, mtu wa heri huwapanga majirani?

Yule kijana wa boda alinisubiri, na njiani nikamchimba. Alisitasita, akaangalia kushoto na kulia, kisha akasema Mugide anamfahamu, Jumapili huwa anampeleka Budondo. Kufanya nini Budondo? Hakujua, au hakutaka kujua. Nikamwambia ageuze pikipiki.

Budondo

Budondo ni shambani, kahawa na migomba, na kituo kidogo cha maduka chenye kinu cha kahawa na mwuza roleksi, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai ndani. Niliagiza moja nipate sababu ya kusimama. Mwuzaji alipiga mayai, akanipa, nami nikauliza habari za Mugide. Akapiga mayai mengine ambayo hakuna aliyeyaagiza.

Nikaingia kwa ndani kidogo, kwenye ua mmoja ambako dada kijana alikuwa anaanua kahawa kwenye mkeka, mtoto mgongoni, mwingine akimvuta gauni. Nikamsalimu. Akapiga magoti kunijibu, kama wanavyoamkua wanawake wa Kisoga, nikaona haya maana tunalingana umri au namzidi kidogo tu. Nikamwuliza kama anamjua Agustino Mugide.

Hakuniangalia. Aliendelea kukusanya kahawa kwa viganja, kisha akasema, "Uyo arikufa."

"Alikufa? Lini?"

"Zamani. Tulizika."

Hebu fikirieni nilivyoshtuka! Juzi tu maiti huyo alikuwa anamwimbia mdogo wangu Kiitaliano. Nilirudi barabarani mapigo ya moyo juu, na sitawaficha, kwa furaha pia. Wanyange hayupo, Budondo keshazikwa: tapeli wa kutupwa! Nikampigia Mjomba hapohapo nikiwa bado na roleksi mkononi.

"Mjomba, nimemnasa."

"Nilijua," akasema Mjomba. "Posa hairudi mezani. Utamwambia mwenyewe mdogo wako."

Sikuwahi. Kabla sijafika mjini, Mghoi alinipigia, analia mpaka maneno hayashikani. "Dada, uko Kampala? Dada, wanamtafuta Agustino! Kuna mwanamke wa usalama, anazunguka nyumba kwa nyumba anamwulizia, Kiswahili chake cha kambini kabisa. Amekimbilia kwa baba yake Mbale. Ameniambia nisimpigie tena, wasije wakanifikia na mimi. Dada, watamwua!"

Nikashikilia boda. Nikamwuliza huyo mwanamke yukoje.

"Mrefu, ana miwani," akasema Mghoi. "Anakula roleksi huku anahoji watu."

Nikaitupa ile roleksi majanini.

Jinja hadi Mbale, na pancha mbili

Ningeweza kurudi nyumbani. Lakini Mghoi alikuwa analia kwa ajili yangu, na mimi bado nilikuwa na swali langu: mtu safi anakimbia nini? Mghoi alinipa jina la baba wa Mugide, mzee mstaafu wa magereza, anakaa upande wa viwanda Mbale, nyuma ya vinu vya mahindi. Alinipa akidhani namwombea tu huko Kampala.

Kwenye kituo cha mafuta nilisikia mtu anagombana na gurudumu kwa Kiswahili cha Nakuru, nikajua nimepata ndugu. Alikuwa dereva wa lori, Njoroge, anapeleka mabati Mbale. Akanikubalia nikae mbele. Pancha ya kwanza tulipata karibu na Iganga, ya pili katikati ya mashamba ya mpunga, barabara ya Tirinyi, ambako hakuna hata kivuli. Tulikaa juu ya mawe tukila gonja, ndizi za kuchoma, huku tukimsubiri fundi aliyesema yuko njiani, na alikuwa njiani saa nyingi kweli. Nikamsimulia yote.

Njoroge alicheka mpaka akapaliwa. "Mwalimu! Wewe ukaenda kuuliza tabia za mtu, kwa Kiswahili cha kunyooka hivyo, bila kusema umetumwa na nani? Hapa Kiswahili wazee wao walikijulia kwenye vizuizi vya askari. Mgeni akija na *samahani, namtafuta fulani*, watu wanasikia buti. Mimi nikitaka kumpata mtu huku nauza kwanza, nasema bei, nachekacheka, ndipo nauliza. Na nakivunjavunja Kiswahili."

"Lakini walisema amekufa."

"Wamemficha. Wewe ungefanya nini?"

Nilimwamini Njoroge, maana kila kitu kilikaa sawa: afande wa gesti, Mama Babirye, mwuza roleksi. Aibu ilinishika kweli. Nimekwenda kumharibia mtu jina, nimemkimbiza nyumbani kwake, na mdogo wangu yuko Nakuru anakufa kwa hofu. Nilipanda lori nikiwa nimeamua kuomba radhi. Hata hivyo, kile kitenzi sikukiacha. Tabia haina dawa.

Mbale, nyuma ya vinu

Upande wa viwanda vumbi la unga linakaa kwenye kila kitu, hata kwenye majani ya mipera. Nyumba ya mzee Mugide ilikuwa ya matofali, ua umefagiwa kwa mistari kama uwanja wa gwaride. Mzee mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni kabla sijabisha, wima, kofia kichwani.

"Simama hapo. Wewe nani? Nani alituma wewe?"

"Shikamoo, mzee. Naitwa Wakesho, natoka Nakuru. Mimi ni dada yake Mghoi."

"Mugoi mimi iko nasikia. Lakini kila mutu inaweza sema mimi ni dada ya Mugoi. Kitambulisho iko na jina yake?" Hakukuwa na jina la Mghoi kwenye kitambulisho changu, bila shaka. Aligeuzageuza. "Hii hapana saidia. Serikali inatengeneza kitambulisho mingi."

Miaka yote nimetahini watoto wa watu, sasa natahiniwa mimi, na nafeli. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa Kifaransa, Mghoi anaweza kumhakikishia. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia la sebuleni, taratibu: "Baba, mwambie aseme Kifaransa."

Nikasema nini mimi? Kilichokuwa mdomoni tangu Nakuru. "*Je crois, tu crois, il croit, nous croyons...*"

"*Vous croyez, ils croient*," ikajibu sauti. Kisha, bila kuombwa, "*Creo, crees, cree. Creio, crês, crê.*"

"Kiromania!" nikapiga kelele.

"*Cred, crezi, crede.* Chumba cha pili Roma alikuwepo Mromania, akikoroma." Na pazia likafunguka, akatoka mwanamume mwembamba, mpole wa macho, anacheka kwa woga. Nikamrushia wakati uliopita, akarudisha *j'ai cru*, akarudisha *ho creduto*, akanisahihisha hata mimi kwenye Kireno. Siku ile ya simu, akasema, aliogopa Kifaransa cha mwalimu, akaikata laini mwenyewe. Ukutani mzee akanionyesha picha: Mugide kijana na wenzake wa seminari, kwenye baridi, wamevaa makoti marefu. Roma ilikuwa kweli!

Lo, niliyeyuka. Nimefundisha miaka yote hii bila mtu wa kucheza naye mchezo huo. Niliwaomba radhi baba na mwana, nikawaeleza desturi yetu, wakacheka mpaka mzee akavua kofia. Tukaletewa malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga, pamoja na matoke. Nilikuwa nishaanza kumwita shemeji. Nilikuwa hata natunga namna nitakavyomwambia Mjomba.

Mzee akanisogezea bakuli. "Kula, mama. Sasa, wewe ilifika mpaka Budondo. Watoto hajambo?"

"Watoto gani, mzee?"

Mugide akaacha kutafuna.

"Watoto ya huyu," mzee akasema, akimwonyesha kwa kijiko. "Ile mama yao ndiyo ilipiga simu, anasema serikali imekuja, mwambie akimbie. Mimi nilifikiri mulionana." Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika. "Hukuambia hawa watu?"

Mugide akaanza kusema kwamba waliachana, kwamba ni mambo ya zamani, hayana mizizi.

"Hapana danganya mutoto ya watu mezani kwangu," mzee akasema. "Pasaka alikuwa hapa, alipika. Analala chumba yako."

Nikamwona tena yule dada wa kahawa, mtoto mgongoni, anasema *arikufa* huku hanitazami. Alimzika mumewe mbele yangu ili nisimpate, kisha akakimbilia simu. Na mimi nilisimama pale na roleksi mkononi, sikumwuliza kitu kingine chochote.

"Mugide," nikasema, sikuweza kumwita shemeji tena, "una mke, ndiyo au hapana?"

Zile lugha zote, na hakuna hata moja iliyotoka. Hasira ilinipanda mpaka macho yakauma. Mzee alinisindikiza mpaka barabarani, kofia mkononi, akaniambia pole mara nyingi, na nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Kurudi Nakuru

Njia ya kurudi haina mengi. Basi lilikaa Malaba vilevile, ila sikuwa na mayai.

Mghoi alinikuta mezani, nikamweleza yote kutoka mwanzo, pamoja na semina ya uongo na yule mwanamke wa usalama aliyekuwa mimi. Nilitegemea anirukie. Alikaa tu, mkono juu ya mashine yake ya kushonea. Nikajikuta namwambia, kama mjinga, kwamba Kifaransa cha Mugide ni safi kabisa.

"Mkewe anaitwa nani?" akauliza.

"Sikuuliza."

"Ulikwenda mpaka nyumbani kwake."

"Nilikwenda, Mghoi. Sikuuliza."

Akachukua simu, akampigia palepale, akaweka sauti juu nami nisikie. Mugide akapokea kabla haijaita vizuri, akaanza kwa haraka, "*Amore, credimi...*" Niamini. Mghoi hajui kitenzi chochote cha Kiitaliano, lakini sauti ya mwanamume anayeomba inaeleweka popote.

"Sema Kiswahili," akamwambia. "Mkeo anaitwa nani?"

Tulisikia vinu vya mahindi vikinguruma upande wa pili. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Edisa."

"Edisa alikuficha," Mghoi akasema. "Mwambie mimi nimekuzika."

Akakata. Akaiweka simu kifudifudi kando ya cherehani, akafuta macho kwa kipande cha sare ya kijani, kisha akaniuliza kama nimekula.